Swali la Kumi na Nne

Magdapio, Antique
Jumapili, baada ya misa

Mpendwa dada yangu, Manang Perla,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umeshavua viatu vya zamu na kuinyoosha miguu, maana ukiisoma barua hii umesimama najua utaishia kugombana na mtu. Mgongo unaendeleaje? Na yule mkuu wa wodi aliyekuwa anakupangia zamu za ovyo, amepoa? Huku kwetu, wazazi na mimi, sote tu wazima. Nanay anameza dawa zake za presha akikumbushwa, Tatay anavuta sigara nyuma ya banda akidhani hatumwoni, na mvua imenyesha wiki nzima hata mpunga tuliouanika kando ya barabara tumeuingiza sebuleni. Tunauruka tukienda jikoni.

Utauliza kwa nini nakuandikia wakati simu zipo. Kwenye simu hunipi nafasi, Manang, usikatae. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi, mwisho nakuitikia tu, ndiyo Manang, sawa Manang, tunakata. Safari hii nataka nimalize mwenyewe. Jirani yetu Manong Ruben anarudi kazini kwake huko Riyadh Jumanne, nimemwomba akukabidhi bahasha hii mkononi. Ndani kuna barua na ile fomu ya maombi ya kazi. Nakuomba usiifungue fomu kwanza. Soma barua mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Fomu yenyewe imekaa juu ya meza hii siku kumi na tisa. Nimejaza kila kitu: chuo, mwaka niliofaulu mtihani wa leseni, namba ya leseni, mafunzo ya chanjo, miaka sita ya uuguzi wa afya ya jamii. Limebaki swali la kumi na nne tu, lenye visanduku viwili, ndiyo na hapana. Linauliza kama kuna kosa lolote la kazi, lililofikishwa au ambalo halijafikishwa mbele ya baraza la wauguzi, linaloweza kuigusa leseni yako. Ijumaa ulinifokea, eti kutia alama kwenye hapana kunachukua muda gani, mtoto wa chekechea angekuwa ameshamaliza. Nikakudanganya kwamba kalamu imeisha wino. Nanay alikuwa anasikiliza. Tulipokata simu akaniuliza kalamu gani hiyo, maana nyumba hii ina kalamu nyingi kuliko vijiko.

Sijasahau ulivyoihangaikia nafasi hii. Miaka yote ulikuwa unanicheka. Ulikuwa unasema muuguzi ni yule anayesimama kando ya kitanda cha mgonjwa, na huyu anayepanda milima na boksi la barafu begani ni mtu wa posta tu aliyevaa nyeupe. Na dunia ilikuwa upande wako. Mawakala wawili wa kazi za nje kule Iloilo walinirudishia vyeti vyangu, wote wakitaka miaka miwili ya wodini. Mmoja alinieleza kwa upole kabisa kwamba kwake yeye miaka yangu ya milimani ni sifuri. Nililia ndani ya choo cha stendi, sikukuambia. Halafu ghafla hospitali yako ikafungua kliniki ya chanjo ya watoto, wakataka mtu aliyefanya kazi ile ile unayoiita ya posta, na wewe ukampelekea mkubwa wako jina langu, ukajiandika mdhamini. Mara ya kwanza katika maisha yangu mtu ananitaka kwa kile nilicho. Ndiyo maana kile kisanduku kinanitesa hivi.

Nimeinuka hapa kumfukuza kuku, amepanda juu ya mpunga. Nitakueleza habari za kuku huyu, subiri.

Ulifurahi sana mwaka jana nilipopata ajira ya kudumu, nami nilifurahi, ila nilikusimulia nusu tu. Unakumbuka nilivyoishi kabla ya hapo: mkataba wa miezi sita, mwingine wa miezi sita, kila Juni na kila Desemba naingia ofisini sijui kama jina langu lipo kwenye orodha. Bima hakuna, likizo hakuna, ukiugua ni shauri lako. Nafasi moja ya muuguzi wa kudumu ilipofunguka tuligombea wawili, mimi na mwenzangu mmoja ambaye shangazi yake ni diwani. Kila mtu alishajua nani ataipata. Lakini Dokta Alojado, mganga mkuu wetu, unamjua alivyo, alisema mbele ya wote kwamba yeye hatazami shangazi wa mtu, atatazama vyeti, miaka ya kazi, na asilimia ya watoto waliochanjwa katika eneo la kila mmoja. Ripoti ya mwisho ilikuwa ya Novemba. Yangu ilisoma tisini na saba. Hakuna aliyewahi kuifikia.

Tatay hakungoja hata barua ya uteuzi ikauke wino. Akaenda kuchapisha turubai, akalitundika getini: uso wangu mkubwa kuliko mlango, hongera, muuguzi wa kudumu wa mji wa Magdapio, fahari ya familia. Lile turubai la zamani la kufaulu mtihani wa leseni akalifanya paa la banda, kwa hiyo sasa nguruwe wanalala chini ya kidevu changu na wapita njia wanasalimiwa na meno yangu. Majirani walikuja kula tambi za pansit mpaka sufuria likakwanguliwa. Wewe ulikuwa kwenye simu unapiga vigelegele. Mimi nilicheka na kila mtu, na sahani yangu nikawapa watoto wa jirani, wakadhani ni furaha.

Baada ya hapo nikahamishiwa ofisini kusimamia takwimu, na maeneo yangu ya mlimani akapewa Krisel, binti mgeni wa mkataba, mwepesi wa miguu na wa kucheka. Krisel ni mchapakazi. Alichukua daftari langu la chanjo, akatazama nani ana pengo, akapanda kwa wale wenye mapengo. Wasio na pengo aliwapita. Ndivyo inavyofanywa, nami ndiye niliyemfundisha.

Mwezi Machi surua ikaingia Igsoro. Igsoro huijui, kile kitongoji cha mwisho kabisa, unavuka mto mara tatu, na kutoka nyumba hadi nyumba unatembea karibu nusu saa. Wakaugua watoto watatu. Wawili walipona wenyewe. Wa tatu, Rodelyn, ana miaka miwili na nusu, aliteremshwa kwenye machela ya mianzi, macho yamevimba, usaha unatoka masikioni. Alikaa hospitali ya mkoa siku kumi na mbili. Amepona, Manang, usishtuke. Lakini sikio la kushoto halisikii tena, na la kulia wanasema tungoje.

Dokta akaitisha kikao cha wazazi pale zahanati, nami nikabeba daftari. Akalifunua mbele za watu, akaonyesha jina la Rodelyn, tarehe ya Novemba, alama ya chanjo. Akamuuliza mama yake, Nelfa, kadi ya kliniki ya mtoto iko wapi. Nelfa akasema imepotea. Dokta akapandisha sauti, akamwambia watu kama yeye ndio wanaoharibu kazi ya serikali, kadi mnafungia samaki, dawa tunazowapa mnatemea nje ya mlango, halafu mtoto akiugua mnakuja kulia. Nelfa ana miaka ishirini na mbili. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Mumewe aliyekaa kando akamwambia kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Si nilikwambia? Mama gani wewe?" Na mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao, nimekumbatia daftari, nimejikausha.

Siku tatu baadaye Nelfa akaja ofisini peke yake. Alikuwa amembeba kuku jike, mwekundu, amefungwa miguu kwa kamba ya migomba. Akamweka chini ya meza yangu, kisha akatoa kadi kutoka kifuani. Haikupotea, alikuwa ameificha. Ilikuwa safi, imetunzwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mstari wa surua ulikuwa mtupu. Akanieleza kwa kunong'ona kwamba Novemba ile alishuka kwa wazazi wake kuvuna mpunga, kwa hiyo bila shaka nilipanda nikapiga wengine sindano yeye hayupo, na mtu wa kujaza daftari akakosea mstari. Eti kosa ni lake, hakupaswa kuondoka. Sasa anaogopa watu wa msaada wa serikali wakiona kadi haijakamilika watamkata, na mumewe ndio atamfukuza kabisa. Akaniomba nimwandikie tarehe, yoyote ile. Akasema, "Wewe nesi wetu una huruma, ulikuwa unakuja hata kwenye tope." Akanisukumia kalamu yangu mwenyewe.

Sikuandika. Nilimwambia nina kazi, arudi wiki ijayo. Nilimfukuza, Manang, ndivyo nilivyofanya. Kuku akabaki. Ndiye huyu. Nanay kila siku anataka kumtia kwenye supu ya tangawizi na mimi namkatalia, mpaka akaniuliza kama nimemfanya mwanangu. Ameanza kutaga chini ya pikipiki.

Basi sasa nakuambia. Nimeinuka mara nne tangu mstari ule wa juu, nimekunywa maji, nimekunja nguo ambazo zilishakunjwa. Nakuambia.

Sisi watu wa mlimani tuna tabia moja tunayoiita kutanguliza. Madaftari ni mazito, mvua ikiyapata yameharibika, na juu hakuna mtandao. Kwa hiyo kabla ya kupanda unajaza kwanza, majina, tarehe, alama, ukiwa ofisini pakavu. Ukirudi unawafuta wale usiowakuta. Wote tunatanguliza. Aliyenifundisha alifundishwa vilevile. Jumatatu ile ya Novemba nilitanguliza watoto kumi na mmoja wa Igsoro, kwa wino. Nikapanda. Mto wa pili ulikuwa umefurika, maji ya rangi ya kahawa yanapita na magogo. Nilikaa ukingoni kwa saa mbili na boksi langu, halafu nikarudi. Hapo sina kosa, mto ni mto. Ripoti ilikuwa inatakiwa Alhamisi. Nikifuta wale kumi na mmoja, nilikuwa nashuka chini ya yule mwenye shangazi.

Sikufuta.

Nikajiambia wiki ijayo nitapanda, nitawachoma kweli, tarehe tu ndiyo itakuwa ya uongo, na tarehe haiumizi mtu. Lakini kulikuwa na chupa mbili za chanjo ndani ya boksi, nazo zilipaswa kuonekana zimetumika, la sivyo hesabu ya friji ingenisema. Nikaingia kwenye chumba cha kuoshea vyombo, nikazifungua, nikazimwaga kwenye sinki. Nikafungulia bomba. Hicho ndicho ninachokiona nikifumba macho, si mto. Wiki iliyofuata kimbunga, ya tatu usaili, kisha uteuzi, turubai, pansit. Sikupanda. Krisel naye hakupanda kwao, kwa sababu daftari langu halikuwa na pengo.

Hivyo unielewe vizuri: Rodelyn hakukosa sindano kwa sababu mama yake alikwenda kuvuna. Sindano yake niliimwaga mimi. Kwa ajili ya nafasi. Na ilipokuja hukumu nikamwacha msichana wa miaka ishirini na mbili aibebe mbele ya watu.

Jumatano iliyopita nilimwendea Dokta Alojado, nikafunga mlango, nikamwambia kama nilivyokuambia wewe. Akawa anapanga na kupangua vibanio vya karatasi. Nilidhani atanifokea kama alivyomfokea Nelfa. Badala yake akashusha sauti, akaniita Inday kama binti yake, akaniambia sote tunatanguliza, hata mimi enzi zangu, nikikushitaki wewe itabidi nijishitaki na mimi na nusu ya wauguzi wa mkoa. Akanishauri tupande tuwachanje watoto kimyakimya, turekebishe tarehe, basi. Kisha akavuta droo akanitolea cheti cha mwenendo mwema, kimeshasainiwa na kupigwa muhuri, kile kile hospitali yako inachokitaka. Akasema, "Nenda zako Riyadh, mwanangu. Ukishaondoka, mambo yatajifia yenyewe." Nadhani alinionea huruma kweli. Nadhani pia alijionea huruma yeye.

Nimetembea na cheti kile mkobani siku mbili. Nakuapia, Manang, nilishaiweka kalamu juu ya hapana. Nilikuona uwanja wa ndege umenishikia maua. Nikajiuliza, huko kliniki yenu mpya watanipa daftari. Nitalijazaje? Mikono ni hii hii.

Ijumaa asubuhi, kabla hujanipigia, nilimpa Krisel barua ya maelezo yangu kwa baraza la wauguzi aipeleke posta, maana ningeibeba mwenyewe ningerudi nayo. Nakala nikaiweka juu ya meza ya Dokta. Kwa hiyo uliponifokea kuhusu kile kisanduku, jibu lilikuwa limeshaondoka mjini, na mimi nikakuongopea habari za wino. Nisamehe kwa hilo pia.

Jana, Jumamosi, nilipanda Igsoro na Krisel. Chanjo begani kulia, kuku kwapani kushoto, Krisel ananicheka eti nimekuwa soko linalotembea. Nilimwambia kila kitu tukiwa njiani, akaacha kucheka, akanipokea boksi. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Nelfa. Rodelyn alikuwa anacheza na kifuu mlangoni. Nilimwita kutoka upande wa kushoto, hakugeuka.

Nikamwambia Nelfa. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, hata nilivua miwani. Hakunipiga. Alinitazama tu, halafu akasema, "Kumbe si mimi." Akarudia tena polepole. Kisha akatoka mbio, nikasikia anamwita mumewe kule shambani kwa sauti ambayo sikujua anayo, njoo, njoo sasa hivi, acha hilo jembe. Mume akaja na tope miguuni. Nelfa akasimama kando yake, akaninyooshea kidole, akaniambia, "Rudia. Mwambie na huyu." Nikarudia. Akamwita mama mkwe wake aliyekuwa anapepeta mchele. "Rudia." Nikarudia. Mume alikaa chini pale pale kwenye ngazi, akafunika uso. Nelfa hakumtazama. Akajifunga kitenge, akambeba mtoto, akasema anatuonyesha njia ya nyumba nyingine. Nyumba zote tisa tulizokwenda alitangulia yeye, na kila nilipomaliza kuchoma sindano alingoja nifunge boksi, halafu ananiambia haya, waambie. Nikawaambia. Mara ya tisa sauti yangu ilikuwa imekauka na yeye bado ameshika kiuno anangoja.

Watoto wote kumi na mmoja wamechanjwa, hata wale watatu waliougua, ndivyo mwongozo unavyosema. Tarehe niliyoandika ni ya jana. Kuku walimkataa, eti zawadi hairudishwi, kwa hiyo nimeshuka naye na sasa hivi yuko juu ya mpunga tena. Tatay nilimwambia leo kabla ya misa. Alipanda ngazi, akalishusha turubai, akalikunja vizuri pembe kwa pembe, akaliweka kabatini pamoja na nguo zake za kanisani. Hakulipeleka bandani. Nanay analia jikoni na anakataa nimsaidie kupika.

Sijui baraza litasema nini. Linaweza kunisimamisha mwaka, linaweza kuichukua leseni moja kwa moja. Kazi ya kudumu najua imeondoka, Dokta amenipigia simu mchana huu, alikuwa anahema. Jina lako lipo chini ya langu kama mdhamini, ndiyo maana nimekutumia wewe fomu badala ya kuipeleka moja kwa moja. Unaweza kuichana. Unaweza kwenda kwa mkubwa wako ukaondoa jina lako, nami sitakulaumu hata chembe. Unaweza pia kuipeleka kama ilivyo. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Sasa ifungue, tazama ukurasa wa mwisho. Swali la kumi na nne nimelijibu. Nimetia alama kwenye ndiyo.

Nisalimie wenzako wa chumbani, yule wa Cebu mwambie samaki wakavu wake Manong Ruben amewabeba. Kula kabla ya zamu, usijifanye chuma. Nanay na Tatay wanakukumbatia, au watakukumbatia watakapotulia. Ulinizoesha kuandika namba ya leseni chini ya jina langu kila ninapotia sahihi, hata kwenye kadi za Krismasi. Leo sijaiandika.

Mimi mdogo wako,

Gemalyn